Nusu Saa Niliyoikataa

Kama una mtoto aliyepewa cheo, na wamempandikizia kocha nyuma ya sikio, ujue siku moja utaitwa. Mimi niliitwa mara tatu. Mara mbili za kwanza nilivaa kitenge kipya, nikaenda kama mama wa bibi harusi.

Mwanangu ni Odilia Kihwele. Alipofanywa Mkurugenzi Mtendaji wa Shirika la Maji la Milima Mitano alikuwa na miaka thelathini na nne, na vijiji kumi na tisa vilikunywa maji kwa saini yake. Nasema haya ili ujue mzigo ulikuwa wa ukubwa gani. Usipoujua huo mzigo utadhani mtoto wangu alikuwa mjinga, na mjinga hakuwa.

Ofisi ya Mashahidi iko mjini, ghorofa ya pili. Dada wa pale anaitwa Restituta. Alinisomea karatasi polepole. Alisema kocha anamjua kiongozi kuanzia siku aliyopandikizwa tu, ya nyuma hayajui. Kwa hiyo sheria inataka mtu wa damu, aliyemjua huyo kiongozi tangu utotoni, aje kila mwaka aseme kama bado ni yuleyule. Swali ni moja na majibu ni mawili: ndiye, au siye. Ukisema ndiye, kocha anaendelea na kazi. Ukisema siye, anang'olewa siku hiyohiyo, hata kama mwenyewe hataki.

Kisha akanionyesha kisanduku kidogo chini ya karatasi. Kumbe nina haki ya nusu saa. Kocha anazimwa, nakaa na mwanangu chumbani, tunaongea, halafu ndipo najibu. Au naweza kuisamehe hiyo nusu saa, naweka tiki tu.

Nilimtazama Odilia. Suti ya kijivu, viatu vinang'aa, dereva anamngoja chini. Niliona aibu kumzimisha mtoto mbele za watu kama mzazi asiyemwamini. Kwetu mtoto akishakuwa mkubwa wa watu unampisha. Hata kiti kizuri unamwachia, unajifanya umependa benchi. Nikaweka tiki. Mwaka wa pili niliweka tena, hata Restituta hajamaliza kusoma.

*

Sasa nisimsingizie kocha. Kabla yake Odilia alikuwa anatapika kila Jumatatu, kwa sababu Jumatatu bodi ilikuwa inakaa. Aliwafokea wahandisi mpaka wawili wakaacha kazi mwezi mmoja. Akinipigia simu analia hadi pumzi inakata, anasema wazee wa bodi wanamwona mtoto. Na kweli walimwona mtoto, maana alikuwa anapiga kelele kama mtoto.

Kocha mwenyewe ni punje, ndogo kama ulezi, inapachikwa chini ya ngozi nyuma ya sikio la kulia. Haisemi kwa sauti. Odilia aliniambia ni kama kukumbuka jambo ulilokuwa umelisahau. Inasikiliza moyo wako unavyopiga, inamsikiliza na yule unayeongea naye, sauti yake inapanda wapi, inashuka wapi, anaficha nini. Halafu inakukumbusha. Ngoja kwanza. Mshukuru. Muulize yeye anaonaje. Hilo usilijibu leo.

Miezi sita haikupita, wale wahandisi wawili wakarudi wenyewe. Na siku moja Odilia aliitisha kikao cha watu wote, hadi mzee Yeremia anayefungua koki kwenye bwawa la Lusisi, ambaye kwa miaka ishirini na sita hajawahi kuulizwa kitu na bosi yeyote. Odilia akamuuliza: na wewe mzee unaonaje? Yule mzee akasema ukuta wa bwawa unatoka jasho upande wa mashariki. Wakaenda kuangalia, wakakuta ufa wa kuingiza mkono. Wakahamisha watu wa vijiji vitatu, wakashusha maji, wakaziba. Hakufa hata kuku. Kwa hiyo mtu akiniambia kocha ni shetani, namwambia akaseme hivyo Lusisi.

Ila kulikuwa na kituo.

Ukimsalimia Odilia, kabla hajaitika, kuna kituo. Si kirefu, nusu pumzi tu, kama mtu anayemeza mate. Kisha linakuja jibu zuri. Ukimwambia mbuzi kazaa mapacha, kituo, kisha anakuuliza ulijisikiaje ulipowaona. Mwanzoni nilidhani ni uchovu. Halafu nikaanza kuhesabu, na mama akianza kuhesabu pumzi za mwanawe hawezi tena kuacha. Siku moja niliungua na sufuria ya maharage nikapiga yowe. Odilia alikuwa barazani, mlango uko wazi, ananiona kabisa. Nikakiona kituo usoni mwake. Ndipo akaja mbio, akanishika mkono vizuri, akamwagia maji, akanipa pole zote. Hata moto ulisubiri kwanza.

*

Mwezi wa nne mwaka huu kaka yangu Kastori alifariki. Sisi ni Wahehe, na watani wetu ni Wangoni. Kwetu msiba bila mtani hauendi. Wao ndio wanaochimba kaburi, wao ndio wanaobeba jeneza, na huku wanabeba wanatutukana mpaka tunacheka na machozi yanatoka. Ndiyo dawa yenyewe ya msiba.

Longino Gama, mtani wa kaka yangu tangu ujana wao wa kupasua mbao, alitokea amevaa koti na kofia ya marehemu. Anaburuta mguu kama Kastori, anaamrisha wapishi waongeze chumvi kama Kastori. Wifi yangu, mjane mwenyewe, alicheka hadi akashika ukuta. Jeneza lilipotolewa Longino akajilaza mlangoni, akasema halipiti. Amesikia kuna bosi wa maji humu ndani, naye tangu asubuhi hajapewa hata ya kunawa uso. Akamwita Odilia.

"We mkubwa wa mabomba. Mjomba wako amekufa kwa kiu, au mlimnyima maji kusudi akauke mumtafune kama mnavyotafuna mbwa wenu?"

Uwanja mzima ukacheka. Jibu lake hata mtoto wa darasa la pili analijua. Unamwambia Wangoni walikuja huku wakikimbia, mpaka leo hawajapata nafasi ya kunawa, unamvuta mguu, mnapita. Odilia alipokuwa na miaka tisa, kwenye msiba wa bibi yake, alimmwagia Longino huyuhuyu ndoo nzima ya maji, na Longino akalisimulia jambo hilo miaka yote kama sifa.

Nikaona kituo. Kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuhesabu. Kisha Odilia akachuchumaa, akamwekea mkono begani, akasema kwa upole kabisa:

"Mzee Gama, nimekusikia. Naona unaumia, na una haki ya kuumia. Niambie, ungependa tukusaidieje?"

Kicheko kikakatika kama redio iliyokatiwa umeme. Mtani ukimjibu kwa heshima umemwambia yeye ni mgeni. Umemkata udugu, na umemkata mbele ya maiti. Longino aliamka, akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya jeneza. Akatoka uani, na Wangoni wote wakaweka majembe chini, wakamfuata. Jeneza likabaki mlangoni, jua la saa nane linawaka.

Odilia alisimama pale anaangalia huku na huku, uso umetulia, kama mtu aliyefanya vizuri na haelewi kwa nini hapigiwi makofi.

Nilikimbia bila viatu nikamkuta Longino barabarani. Nilimtukana ninavyojua. Nilimwambia babu zake walikimbia toka kusini kwa kuogopa wenye mikuki, yeye anakimbia maiti asiye hata na fimbo. Arudi amzike mwenzake, la sivyo nitamzika mwenyewe, na kwenye tundu litakalobaki nitamsindilia yeye. Alisimama. Nilipofika karibu nikaona anafuta macho kwa kiganja.

"Dada," akaniuliza, "yule mtoto ana nini? Ameniangalia kama karani anavyomwangalia mtu wa foleni."

Nilimshika mkono. Alirudi, wakambeba, wakamzika. Lakini hakuna aliyetania tena. Tulimzika Kastori kimya kama mtu aliyekosa watu.

*

Kesho yake asubuhi Odilia aliniomba nimsindikize kwa Longino. Nilifikiri anakwenda kuomba radhi. Alipofika uani hakubisha hodi. Alivamia jikoni akatoka na sufuria ya ugali kichwani, akatangaza kwamba amekuja kukusanya kodi ya miaka mia ambayo Wangoni wanadaiwa kwa kupita kwenye ardhi ya Wahehe bila kupunguza mwendo. Watu wakatoka majumbani. Aliwatania mmoja mmoja, kwa jina, kwa pua, kwa namna anavyotembea. Maneno mengine ya utani ni ya zamani sana, niliyasikia kwa bibi yangu, sijamfundisha. Longino alicheka mpaka akakohoa, akakaa chini kwenye vumbi, akaomba maji. Wakakumbatiana, Odilia naye anacheka. Akanipigia kelele kuwa mwanangu amepona.

Mimi nilisimama kwenye ua, nahesabu. Kabla ya kila utani, kituo.

Baadaye Odilia mwenyewe ndiye aliyenieleza. Makocha wote wanapeana wanayojifunza, kama wanafunzi wanaosoma daftari moja. Wa kwake alikuwa hajawahi kukutana na utani wa msibani. Aliposhindwa pale mlangoni aliuliza wenzake wa nchi nzima, na kulipokucha alikuwa ameumeza utani wote, wa Wazaramo, wa Wasukuma, wa Wanyamwezi, na wetu. Jana hakuujua kabisa, leo anaujua kuliko Longino.

Hapo ndipo nilipoogopa. Jana angalau nilimkamata kocha. Kesho nitamkamata kwa lipi?

Nilimuuliza tukiwa njiani kurudi, ulipocheka pale, ulicheka kweli?

Kituo. "Mama, wamefurahi wote. Si ndilo la muhimu?"

"Nimekuuliza wewe."

"Sijui," akasema. Na hilo lilitoka bila kituo. Akashtuka mwenyewe.

Tukatembea hatua nyingi. Kisha akaniambia, kama mtu anayetoa habari njema, kwamba wiki tatu zijazo ni ushahidi wa tatu, na wa tatu ndio wa mwisho. Mwaka wa kwanza kocha anakukumbusha. Wa pili anazoea mishipa yako. Wa tatu, shahidi akisema ndiye, wanamfungulia anaota mizizi, nyama na punje vinashikana, na baada ya hapo kumtoa ni kumtoa mtu na ulimi wake. Lakini faida yake, alisema, ni kwamba wazo lake na la kocha yanakuwa kitu kimoja. "Hutaniona tena nikisita, mama. Najua huwa kunakusumbua."

Kumbe alikuwa anajua ninahesabu.

*

Safari ya tatu sikuvaa kitenge kipya. Restituta alianza kusoma, nikamkatiza, nikasema nataka nusu saa yangu.

Odilia alinigeukia. Kituo. Akasema kwa heshima kwamba ana kikao saa sita, na kwamba miaka miwili tumefanya vizuri bila hiyo. Nikasema nataka. Restituta aliweka kalamu chini akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Alisema katika miaka yake tisa ofisini, walioiomba hawafiki watano, na wote waliiomba safari ya kwanza. Akamwita fundi. Fundi akapitisha kitu kama kijiko nyuma ya sikio la mwanangu, akatoka na Restituta, akafunga mlango.

Nilidhani nitamkuta Odilia wangu amekaa ndani ananingoja. Nilimkuta mtu asiyejua aweke wapi mikono. Aliishika meza, akaiacha, akashika goti. Nilimwambia kamwene, salamu yetu ya nyumbani, naye akafungua mdomo akabaki hivyo. Akasema, "Sijui niseme nini." Akaangalia mlango. Baada ya muda akasema tena, "Mama, sijui niseme nini," na jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo.

Dakika kumi zilipita hivyo. Mimi mama yake sikujua nimsaidieje. Nikamwambia tu kwamba namwogopea. Hapo akalipuka. Alisema nimepanga, nimekuja kumwaibisha. Alisema nani alimsukuma asome, nani alitangaza kanisani kwamba mwanangu mkurugenzi, nani aliweka tiki mara mbili bila hata kumwangalia usoni, na leo ndipo namwogopea? Alinitukana mimi mzazi wake, mate yananirukia, sauti imepasuka kama ya Jumatatu zile.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijua sauti hiyo. Hakuna kituo hata kimoja. Ndiye huyu.

Kisha akachoka. Akanilalia mapajani na suti yake, akawa anaongea kwenye kitambaa cha sketi yangu.

"Sema ndiye, mama. Nakuomba. Siwezi kukaa hivi. Nilikuwa nakufa kabla yake, wewe ulikuwa unasikia kwenye simu tu. Sema ndiye, waniwashie."

Mlango ukafunguliwa. Restituta akakaa, akawasha chombo cha kurekodi, akauliza kwa sauti ya kazi: aliyeko mbele yako, ndiye Odilia Kihwele uliyemzaa, au siye?

Nilimuuliza naulizwa yupi, huyu wa sasa hivi, au yule mwenye kocha. Akasema sheria haina wawili. Nikamuuliza kama naweza kueleza kwanza. Akasema karatasi ina nafasi ya neno moja.

Mzazi mwenzangu, hapo ndipo nataka ukae na mimi. Kweli ilikuwa ndiye. Nilikuwa nimemshika, kichwa chake kina joto lilelile la utotoni. Nikisema kweli, wanamfungulia kocha anaota, na huyu aliyenitukana sasa hivi sitamwona tena. Ili kumbakiza ni lazima nimkane. Nimkane mbele yake, akiwa uchi hivyo, hana kitu sikioni cha kumwambia vumilia, mama yako ana sababu. Na kwetu mdomo wa mama si mchezo. Mama akisema huyu si wangu, ameachia radhi, amemlaani. Na mwenyewe ndiye anayeomba, kwa mdomo wake, bila kufundishwa. Na maji ya vijiji kumi na tisa je? Na Lusisi?

Nikasema, "Siye."

Odilia aliinua kichwa. Sheria inataka neno la siye litamkwe mara tatu, kwa hiyo Restituta aliuliza tena, nikasema tena. Mara ya tatu sauti iligoma, nikatikisa kichwa. Restituta alikuwa ameinamisha uso. Akasema, "Samahani mama, kichwa hakiandikiki." Nikalitamka.

Mwanangu hakulia. Aliniangalia kama ninavyokumbuka alivyoniangalia alipopigwa sindano ya kwanza, si kwa hasira, bali anajaribu kuelewa kwa nini mimi ndiye niliyemshika.

*

Walimng'oa kocha mchana ule. Baada ya siku nne bodi ilimwondoa Odilia, ikateua mkurugenzi mwingine, naye ana kocha wake, na watu wanasema ni msikivu sana. Maji yanatoka.

Odilia yuko Makambako kwa rafiki aliyesoma naye. Simu yangu hapokei. Kwa desturi yetu maneno yale yanaweza kuondolewa: mimi mama naweka maji mdomoni, nampulizia kifuani mbele ya ndugu wawili, nasema huyu ni wangu. Lakini ni lazima aje kwa miguu yake. Haitwi, hafuatwi. Hii ni wiki ya kumi na moja.

Sikuandika kukuambia umkataze mtoto wako kocha. Huenda atamfaa kama alivyomfaa wangu, na huenda wewe ukisema ndiye utakuwa sawa. Nakuambia omba nusu saa safari ya kwanza, mtoto angali anakumbuka kujibu salamu. Mpotezee muda. Mwaibishe. Dereva angoje chini. Mimi niliona haya kwa dakika thelathini, mara mbili, ndiyo maana nikafika mahali ambapo kweli na uongo vyote vilikuwa vinamchukua mwanangu.

Juzi alinitumia ujumbe, wa kwanza tangu siku ile. Una kosa la herufi na hauna salamu. Anasema: Mama ulisma mara tatu.

Tangu juzi naandika jibu na kulifuta. Nimeandika kwamba nilimpenda, nikafuta. Nimeandika aje tu, nikafuta, maana haitwi. Simu iko hapa juu ya meza, inaonyesha yuko hewani, huenda anaona naandika, na hakuna mtu wa kunikumbusha la kusema.